Mali Bila Daftari: Maneno ya Mgonjwa Yanapogeuka Kumbukumbu za Matibabu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezewa mfanyabiashara anayekopesha wateja bila kuandika majina ya wadeni wake. Hata hivyo, ipo mali ambayo kila binadamu anayo na ambayo daftari lake huandikwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa lugha ambayo mwenye mali haielewi vyema. Mali hiyo ni afya. Daftari lenyewe ni kumbukumbu za matibabu: faili ya wodini, kadi ya kliniki, chati iliyotundikwa kitandani, au lile daftari la shule ambalo mgonjwa wa zahanati hununua dukani na kulibeba mkononi kila anapokwenda kutibiwa.

Mapema mwaka 2018, vyombo vya habari vya Kenya viliripoti kisa cha wagonjwa wawili waliolazwa katika hospitali moja kubwa jijini Nairobi. Mmoja alihitaji kupasuliwa kichwa ili kuondolewa damu iliyoganda ubongoni. Wa pili alikuwa na uvimbe kichwani ambao haukuhitaji upasuaji. Vitambulisho vyao vikabadilishana, na yule asiyehitaji kisu ndiye aliyepelekwa katika chumba cha upasuaji. Fuvu lake lilikuwa limekwisha kufunguliwa madaktari walipogundua kwamba damu waliyoitafuta haikuwepo. Kilichokosewa hapo awali hakikuwa dawa wala mashine, bali maandishi yaliyopaswa kusema mgonjwa huyu ni nani.

Kosa kama hilo huonekana na kutangazwa. Yapo mengine ambayo hayatangazwi kwa kuwa hutokea kimyakimya baina ya kinywa cha mgonjwa na ncha ya kalamu. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi huduma ya mgonjwa inavyoandikwa katika hospitali na zahanati za Kenya, na kuonyesha kuwa tatizo lake kubwa ni la lugha. Mgonjwa husema kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Faili huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo, kila faili ni tafsiri, na kila tafsiri inaweza kupotosha.

Kumbukumbu za mgonjwa kama matini

Kumbukumbu za matibabu ni maandishi yote yanayoeleza yaliyompata mgonjwa, yaliyoonekana mwilini mwake, yaliyoamuliwa na waliomhudumia, na yaliyotendwa kwa ajili yake. Wasomaji wake ni wengi: muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hakumwona mgonjwa mchana, daktari wa hospitali ya rufaa, mfamasia, karani wa bima, na wakati mwingine hakimu. Wengi wao husoma wakati mwandishi hayupo. Hawana namna ya kumuuliza alikusudia nini. Ndiyo maana wakufunzi wa uuguzi husisitiza kuwa lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikutendeka. Muuguzi anaweza kuwa amemgeuza mgonjwa aliyepooza kila baada ya saa mbili usiku kucha ili asipate vidonda vya mgongo, lakini faili ikinyamaza, mwenzake wa asubuhi hana la kushika.

Mwaka 1968, daktari Mmarekani Lawrence Weed alichapisha makala yaliyobadilisha namna faili zinavyoandikwa duniani. Alipendekeza kwamba maandishi yapangwe kwa kufuata matatizo ya mgonjwa, kila tatizo na maelezo yake. Kutokana na kazi yake, ulienea utaratibu wa kugawa kila andiko katika sehemu nne. Ya kwanza ni asemalo mgonjwa. Ya pili ni alionalo, alisikialo na alipimalo mhudumu. Ya tatu ni uamuzi kuhusu ugonjwa. Ya nne ni mpango wa matibabu.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, mpangilio huu una jambo la kuvutia. Sehemu tatu za mwisho zina msimulizi mmoja, yaani mhudumu wa afya. Sehemu ya kwanza ina msimulizi mwingine: mgonjwa mwenyewe, ambaye hana kalamu. Sauti yake hupita katika mkono wa mtu mwingine ndipo ifike kwenye karatasi. Sehemu hiyo ndiyo inayobeba uzito wa zile tatu zinazofuata, kwani mhudumu hupima lile aliloambiwa na huamua kwa kutegemea lile alilolielewa.

Safari ya maneno

Chukua mfano wa mama aliyefika zahanati moja ya Pwani akiwa na mtoto mgongoni. Anamwambia muuguzi: "Sista, mtoto huyu ana homa tangu juzi. Usiku wa kuamkia leo alishtukashtuka, macho yakageuka juu. Mamangu akasema ni nyuni, tukampeleka kwanza kwa mzee." Muuguzi ana foleni ya watu arubaini. Anaandika kwa Kiingereza maneno machache ambayo maana yake ni: homa siku tatu, degedege mara moja.

Aliyoyaandika si uongo. Lakini tazama yaliyobaki nje ya karatasi. Kwanza, haijulikani mtoto alitikisika kwa muda gani, wala kama mtikisiko ulishika mwili mzima au upande mmoja, ilhali degedege inayozidi dakika 15 au inayoshika upande mmoja huchukuliwa kuwa ya hatari zaidi. Pili, neno nyuni limetoweka. Katika Kiswahili cha Pwani, nyuni ni ndege, na pia ni jina la maradhi ya watoto wachanga ambayo wengi huyahusisha na ndege au pepo. Neno hilo lilikuwa mlango wa maelezo muhimu: mtoto alipelekwa kwa mganga, huenda akanyweshwa dawa za mitishamba, na muda ukapita. Daktari wa hospitali ya rufaa atakayesoma maneno yale machache hatajua kwamba kuna dawa nyingine tumboni mwa mtoto huyo.

Hapa si muuguzi wa kulaumiwa peke yake. Foleni ni ndefu, na elimu yake yote aliipata kwa Kiingereza. Alichokosa ni mazoea ya kuyaandika maneno ya mgonjwa yalivyotamkwa kabla ya kuyafasiri, mazoea ambayo hata vitabu vya uuguzi huyapendekeza: usemi muhimu wa mgonjwa hutiwa ndani ya alama za kunukuu. Kanuni hiyo ipo. Kinachoisumbua ni kwamba usemi wenyewe ni wa lugha moja na faili ni ya lugha nyingine.

Neno moja, maradhi mengi

Tatizo huzidi pale ambapo neno la Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Neno homa ni mfano mzuri. Katika kamusi ni hali ya mwili kuwa na joto kupita kiasi. Kwa mkaazi wa Nairobi, homa ni mafua: pua inatoa makamasi na koo linawasha. Kwingineko, mtu akisema ana homa huenda anamaanisha malaria. Mhudumu anayeandika joto jingi mwilini bila kuuliza wala kutumia kipimajoto ameandika ugonjwa ambao mgonjwa hakuutaja.

Kichomi nacho kina utata. Kwa baadhi ya wazungumzaji ni homa ya mapafu. Kwa wengine ni maumivu yoyote yanayochoma ubavuni, hata yale ya mtu aliyekimbia baada ya kula. Mgonjwa anayesema ana presha huenda aliwahi kupimwa akaambiwa shinikizo lake la damu liko juu. Huenda liko chini. Au huenda ana wasiwasi tu kwa sababu ya karo na kodi ya nyumba. Naye anayelalamika kwamba moyo unamchafuka hana maradhi ya moyo hata kidogo. Anahisi kutapika. Mfasiri wa neno kwa neno atampeleka kupimwa moyo, na tumbo litaendelea kumsumbua.

Methali, nahau na sitiari zimezoeleka katika mafunzo ya fasihi kama pambo la lugha. Katika chumba cha daktari, sitiari ndiyo lugha yenyewe ya maumivu. Mgonjwa husema kifua kimembana, kichwa kinagonga, mwili umekufa ganzi, au ana mawazo mengi. Usemi wa mwisho unastahili uangalifu wa pekee. Kuwa na mawazo mengi kunaweza kuwa uchovu wa kawaida, lakini pia kunaweza kuwa njia pekee aliyonayo mtu ya kueleza sonona. Mhudumu akiliandika neno hilo lilivyo na kuuliza maswali mawili zaidi, anaweza kuokoa maisha. Akiliruka, faili itasema kwamba mgonjwa hakuwa na tatizo.

Tasfida na gharama yake

Utamaduni wa Waswahili na jamii nyingi za Kenya unathamini staha katika usemi. Mwanamke hasemi damu ya hedhi. Husema yuko katika siku zake au ameona mwezi. Mwanamume mwenye kisonono husema ana shida ya mkojo. Tasfida hizi ni sehemu ya adabu na hazipaswi kubezwa. Hata hivyo, wahenga pia walisema mficha uchi hazai. Karatasi ya hospitali huhitaji uwazi ambao kinywa huukwepa.

Gharama ya tasfida huonekana wazi katika kesi za dhuluma za kingono. Mtoto aliyenajisiwa mara nyingi husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Maneno hayo yamesikika katika mahakama nyingi za Kenya, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikiri kuwa watoto hutumia tasfida za aina hiyo. Kabla kesi haijafika mahakamani, mtoto hupitia mikononi mwa mhudumu wa afya anayejaza fomu ya matibabu ya aliyedhulumiwa na, baadaye, fomu ya polisi ya P3. Mhudumu akiandika tafsiri yake tu, wakili wa mshtakiwa anaweza kuuliza kama mtoto kweli alisema hivyo. Akiandika maneno ya Kiswahili ya mtoto ndani ya alama za kunukuu, kisha kando yake akaeleza aliyoyaona alipompima, karatasi husimama yenyewe.

Muda nao haungoji. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya kisa kama hicho hazina budi kuanza kutolewa ndani ya saa 72. Mtoto akisema jambo lilitokea juzi, mhudumu anapaswa kujua kwamba juzi ya kamusi ni siku iliyotangulia jana, lakini juzi ya mazungumzo yaweza kuwa wiki iliyopita. Swali moja, "Juzi siku gani?", ndilo litakaloamua kama dawa itatolewa.

Saa za Kiswahili na saa za faili

Kanuni za uandishi wa faili hudai kwamba kila andiko liwe na tarehe, saa, jina, cheo na sahihi ya aliyeandika. Saa ndiyo yenye mtego. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo: saa moja asubuhi ni muda ambao Mwingereza huuita wa saba. Faili nyingi hutumia mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane. Mke anaposema mumewe alianza kupooza mkono saa nane usiku, mhudumu aliyechoka akaandika namba nane pamoja na neno usiku, msomaji wa baadaye ataelewa saa 20:00 badala ya saa 02:00. Tofauti ni saa sita. Kwa mgonjwa wa kiharusi tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza.

Maelekezo ya dawa yana mtego wa namna hiyo. Kwa miaka mingi bahasha za dawa zimeandikwa kuwa kidonge kimoja kutwa mara tatu. Asili ya neno kutwa ni jua kuchwa, na maana yake ya msingi ni muda wote wa mchana. Mgonjwa anayeielewa lugha yake barabara anaweza kumeza vidonge vitatu baina ya macheo na machweo, kisha akalala bila dawa hadi asubuhi, ilhali mwandishi alikusudia kila baada ya saa nane. Hapa mgonjwa hakukosea Kiswahili. Mwandishi ndiye aliyekitumia bila kukipima.

Sarufi ya faili

Mwanafunzi wa isimu akisoma faili atakutana na vitenzi vyenye kuhukumu. Katika Kiingereza cha hospitali, mgonjwa asiyekunywa pombe huandikwa kuwa amekana pombe, na mwenye maumivu huandikwa kuwa amelalamika. Kwa Kiswahili, anayekana ni mshtakiwa, na anayelalamika hupachikwa jina la mlalamishi. Ingetosha kuandika kuwa mgonjwa alisema hanywi pombe, au alieleza kuwa anaumwa.

Vivumishi navyo vina hatari yake. Muuguzi akiandika kuwa mgonjwa ni msumbufu, kila atakayesoma atamkaribia mgonjwa huyo akiwa tayari amekasirika. Lakini akiandika kwamba mgonjwa aliita mara sita baina ya saa nne na saa sita usiku, akisema mguu unamuuma chini ya plasta, msomaji mwangalifu ataukagua mguu huo na huenda akauokoa usikatwe. Kuandika lililoonekana na kusikika, na kuacha hukumu, ni adabu ya uandishi kabla ya kuwa kanuni ya uuguzi.

Kauli ya kutendwa huficha mtenda. Sentensi "Dawa ilitolewa" haisemi ni nani aliyeitoa, kiasi gani, wala kwa njia gani. Vifupisho navyo huua. Mwaka 2004, asasi inayoidhinisha hospitali nchini Marekani ilipiga marufuku baadhi ya vifupisho, ikiwemo herufi U ya kuashiria yuniti za insulini, kwa sababu ilisomwa kama sifuri, na yuniti 4 zikageuka 40. Kosa la kalamu halifutwi wala kupakwa rangi nyeupe. Hupigwa mstari mmoja ili lililokosewa liendelee kusomeka, kisha mwandishi huweka sahihi na tarehe. Faili ni ushahidi, na ushahidi haufichwi.

Kutoka daftari hadi tarakilishi

Kenya ina historia ya heshima katika uhifadhi wa kumbukumbu kwa tarakilishi. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot katika eneo la Nandi kilianza kutumia mfumo uliobuniwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa programu ya OpenMRS mwaka 2004, ambayo leo hutumiwa katika nchi nyingi. Tarakilishi imeondoa mwandiko usiosomeka na karatasi zinazopotea. Hata hivyo, badala ya mstari wa kuandika, mhudumu mara nyingi hupewa orodha ya dalili za kuchagua. Orodha haina nyuni, haina mawazo mengi, na haina moyo unaochafuka. Pasipo nafasi ya kuandika maneno ya mgonjwa, tafsiri huwa imekwisha kufanywa kabla mgonjwa hajafungua kinywa.

Sheria ziko upande wa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inadai mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuziona data zake na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Lakini mtu atarekebishaje asichoweza kukisoma? Nchini Tanzania, kadi za kliniki za wajawazito na za ukuaji wa mtoto zimechapishwa kwa Kiswahili, na mama huweza kusoma kinachoandikwa juu yake. Hilo ni thibitisho kuwa lugha hii haishindwi na kazi hiyo.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba faili zote za Kenya ziandikwe kwa Kiswahili kuanzia kesho. Yanayopendekezwa ni madogo na yanawezekana. Kwanza, usemi wa mgonjwa unaobeba dalili kuu uandikwe kwa lugha aliyoitumia, ndani ya alama za kunukuu, kisha tafsiri ifuate. Pili, saa ya Kiswahili ielezwe kikamilifu kabla ya kugeuzwa. Tatu, vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe Kiswahili cha dalili, pamoja na tasfida na sitiari zake.

Jukumu la nne ni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wenyewe. Istilahi nyingi za magonjwa zimekwisha kuundwa, na kisukari, kifua kikuu na Ukimwi ni ushahidi. Kinachokosekana ni faharasa ya maneno ambayo wagonjwa huyatumia, lahaja kwa lahaja na mtaa kwa mtaa, ikionyesha kila neno linaweza kumaanisha nini na mhudumu anapaswa kuuliza swali gani anapolisikia. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji sikio, daftari, na ridhaa ya wasemaji.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mama wa mtoto mwenye degedege hakuficha kitu. Aliyasema yote, hata jina la ndege. Kilio kikisikika nyumbani mwake, haitakuwa haki kusema kwamba yeye ndiye aliyeficha.